Walaji wa Shaba

Katika mfano wa talanta (Mt 25:14-30) mtumishi alilaumiwa kwa kuifukia ardhini mali ya bwana wake. Sisi wa Likasi swali letu ni lingine. Kwetu mali ilifukiwa na Bwana mwenyewe: je, walioifukua waliifanyia nini?

Wafua shaba wa kale wa Katanga waliitwa walaji wa shaba. Jean-Félix de Hemptinne, Mbenediktini aliyeongoza misioni ya Katanga, alichapisha mwaka 1926 maandishi yenye jina hilo juu ya kazi ya Wayeke. Wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha kuwekwa ghalani, watu walihamia machimboni. Wanawake na watoto waliokota mawe ya kijani juu ya ardhi, wanaume wakachimba. Tanuru zilijengwa kwa udongo wa kichuguu, mkaa ukawashwa, mivukuto ikapulizwa, na shaba ikamiminwa katika umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilikuwa fedha. Huko Sanga, kando ya ziwa Kisale, wafu walizikwa nayo karne nyingi kabla Injili haijafika hapa. Mvua zikikaribia, watu walirudi mashambani. Sitaki kuwapamba wazee wetu kupita kiasi, kwani shaba ile ile ilimpatia Msiri bunduki. Lakini ufundi ulirithishwa, mzee kwa kijana, na hilo nalistaajabia kuliko shaba yenyewe.

Mwaka 1906 ikaundwa Union Minière, na mji wetu ukaitwa Jadotville. Mwaka 1967 mali hiyo ikawa ya taifa, ndiyo Gécamines tunayoijua. Katikati ya miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Miaka kumi baadaye haikufikia hata 50,000. Shaba haikuwa imekwisha ardhini. Mitambo ilikuwa imechakaa bila kutengenezwa, na mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kazini "kwa hiari", na alama hizo naziweka kwa makusudi. Pamoja na mishahara, familia nyingi zilipoteza shule na matibabu.

Sheria ya Madini, iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, imekiri jambo ambalo wakubwa wa zamani hawakulikiri: madini huisha. Kifungu cha 242 kinaugawa mrabaha hivi: 50% kwa serikali kuu, 25% kwa jimbo, 15% kwa utawala wa mahali yanapochimbwa, na 10% kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Vizazi hivyo si fumbo kwangu. Huketi mbele yangu kila Jumamosi katika katekisimu, na baadhi yao huchelewa kwa sababu wametoka kuosha mawe mtoni.

Kwa hiyo naomba, katika kikao chetu kijacho, kifungu hicho kisomwe kwa sauti, kwa Kiswahili, kisha tuchague wawili miongoni mwetu waende komini kuuliza juu ya ile 15%.