Fundi Aliyemgomea Bosi na Kuokoa Saa ya Kifahari

Ukweli mchungu kwa wenye mkwanja: saa ya mkononi ya mamilioni inaachwa mbali na saa ya betri ya kawaida. Saa isiyo na betri huendeshwa na springi na vigurudumu vya meno. Hata ikipimwa na kupewa cheti cha ubora Uswisi, bado inaruhusiwa kuchelewa kwa wastani wa sekunde 4 au kuwahi kwa sekunde 6 kila siku. Ile ya betri hupotea sekunde kama 15 hivi, tena kwa mwezi mzima!

Sasa kwa nini watu bado wanazililia? Sehemu ya jibu ilifichwa darini, kwenye kiwanda kimoja cha Le Locle, mji mdogo wa milimani huko Uswisi.

Mwaka 1969 ulianza kwa shangwe. Januari, kiwanda cha Zenith kilitangaza mtambo wa saa ulioitwa El Primero. Ulikuwa unajijaza wenyewe kwa mwendo wa mkono, una kipima muda ndani yake, na moyo wake ulidunda mara 10 kwa sekunde. Mafundi wakatembea kifua mbele.

Furaha haikudumu. Siku ya Krismasi mwaka huohuo, Seiko ya Japani iliingiza sokoni Astron, saa ya kwanza ya mkononi ya kwaziti kuuzwa duniani. Bei yake ilikuwa yeni 450,000, karibu sawa na gari dogo. Ndiyo, saa ya betri nayo ilizaliwa kama anasa! Lakini bei za saa hizo ziliporomoka, na Uswisi ikaona cha moto. Mwaka 1970 viwanda vyake vya saa vilikuwa na wafanyakazi takriban 90,000. Kufika katikati ya miaka ya 1980 walibaki kama 30,000 tu. Miji mizima iliyoishi kwa kazi hiyo ikayumba.

Wakati huo Zenith ilikuwa imeshanunuliwa na kampuni ya Kimarekani ya Chicago, watengenezaji wa redio na televisheni. Mwaka 1975 amri ikashuka: saa za springi basi, mashine na vifaa viuzwe kama chuma chakavu.

Hapo ndipo anaingia jamaa wetu, mkuu wa karakana, mtu wa mikono michafu asiyejulikana nje ya mji wake. Aliwaandikia wakubwa akiomba waache walau karakana moja ndogo. Kimya. Basi akaamua mwenyewe. Kidogo kidogo, akaanza kupandisha darini mashine na vifaa vya kutengenezea El Primero. Kila kifaa alikiwekea alama, na hatua za kazi akaziandika zote. Angekamatwa, kibarua kingeota nyasi. Na hakuna aliyemwahidi hata senti.

Mwaka 1978 Waswisi wakakinunua tena kiwanda chao. Miaka ya 1980 wateja wakaanza kuziulizia upya saa za springi, lakini kuanza upya kungekula mamilioni ya faranga. Mzee akawaonyesha njia ya darini. Vifaa vyote vipo, na maelezo juu! Uzalishaji ukarudi, na mwaka 1988 Rolex yenyewe ikaitoa Daytona mpya ikiwa na mtambo uliotokana na huohuo El Primero. Wakautumia mpaka mwaka 2000. Leo Daytona za kipindi hicho zinasakwa kama lulu.

Kwa hiyo anayenunua saa ya aina hii halipii kujua saa ngapi, maana hilo simu inamwambia bure. Analipia ujuzi wa mikono ambao nusura uuzwe kwa kilo. Na ujuzi huo ataendelea kuuhitaji: kila baada ya miaka kadhaa saa inatakiwa kufunguliwa, kusafishwa na kutiwa mafuta upya, na gharama yake si ya kitoto. Mwenye akili huuliza kwanza nani ataihudumia, ndipo auliza bei. Saa ya springi isiyo na fundi wa kuifungua ni bangili tu.

Swali kwa wadau: bosi akikuamuru utupe kazi ya maisha yako, utatii, au utapanda darini?