Freebase: Maarifa ya Wengi, Mali ya Nani?

Mwaka 2001 Tim Berners-Lee na wenzake wawili waliandika kuhusu mtandao ambao kompyuta zingetambua maana ya taarifa, si kuzionyesha tu. Mwaka 2005 kampuni ya Metaweb ilianzishwa Marekani kutafuta fursa humo. Mwaka 2007 ilifungua Freebase, hifadhi ya taarifa iliyojazwa na kusahihishwa pia na watu waliojitolea. Google iliinunua Metaweb mwaka 2010, na mwaka 2012 ikazindua Knowledge Graph iliyotumia taarifa hizo. Mwaka 2016 Freebase ilifungwa.

Je, jasho la waliojitolea lilipotea? Naona halikupotea lote. Leseni iliruhusu yeyote kutumia taarifa hizo kwa kutaja chanzo, na sehemu yake ilihamishiwa Wikidata. Kampuni ilikwisha, maarifa yakabaki.

Mimi na wenzangu hapa Kampala tunakusanya majina ya mazao kwa Kiswahili na Kiganda, tukitarajia kuanzisha huduma ya simu. Wakulima wanatupa maneno yao bure. Historia hii inanifundisha kwamba tunapaswa kuandika leseni leo, kabla mnunuzi hajabisha hodi.