Kutoka Mtungi hadi Pakiti: Historia Fupi ya Pombe Kali Kasese

Wazee wengi hapa Bwera husema vijana wa leo wameharibiwa na ulevi. Katika insha hii ninadai kwamba kilichobadilika zaidi ni pombe yenyewe na chombo chake.

Zamani pombe ya ndizi ilitengenezwa nyumbani. Haikuwa kali sana, na kwa kuwa ilichacha baada ya siku chache, mtungi ulinywewa na wengi kwa pamoja, wakubwa wakiwaangalia wadogo.

Mwaka 1891 Lugard alijenga ngome ya Fort George huko Katwe, katika wilaya ya Kasese ya leo, kulinda ziwa la chumvi. Kisha akawaleta askari wa Kisudani kutoka pande za Ziwa Albert na kuwaweka katika ngome za Toro. Ujuzi wa kuchemsha pombe na kukusanya mvuke wake, yaani waragi, mara nyingi huhusishwa na askari hao. Serikali ya kikoloni iliwakataza Waafrika pombe kali, lakini waragi uliendelea kupikwa kwa siri.

Mwaka 1956 reli ilifika Kasese kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Sasa kijana alikuwa na mshahara wake mwenyewe, na hakuhitaji kusubiri sherehe ili anywe.

Hatua ya mwisho ilikuwa pakiti ya plastiki. Mililita 100 zenye kilevi asilimia 40 hubeba takriban gramu 32 za kilevi halisi, zaidi ya bia ya nusu lita, na humezwa kwa dakika chache. Pakiti huingia mfukoni, na hakuna mzee anayeiona. Ini, shinikizo la damu na saratani huja taratibu. Ajali ya bodaboda haisubiri.

Tanzania ilipiga marufuku viroba mwaka 2017, na Uganda ikafuata mwaka 2019. Naunga mkono sheria hiyo, kwa sababu inagusa chombo. Hata hivyo, haiwezi kurudisha lile duara la watu kuzunguka mtungi, ambalo ndilo lililokuwa kizuizi cha kweli. Kwa hiyo wazee wakitulaumu, naomba watuambie pia nani alikaa karibu nao walipokuwa na umri wetu.