Mtunza Ghala na Njia: Kompyuta Pepe za Wingu na Usalama wa Biashara za Tabora

Mali ya mvumbuzi David Livingstone iliyopotea Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, haikuporwa na majambazi. Alipofika huko Oktoba 1871, mgonjwa na hoi, alitarajia kuikuta shehena aliyotumiwa kutoka pwani: yadi 3,000 za kitambaa na ratili 700 za shanga. Hakukuta hata yadi moja. Aliyeimaliza ni Sherif, mtu yuleyule aliyekabidhiwa kuisafirisha na kuitunza. Kwa maelezo ya Livingstone, Sherif alipiga ramli kwa Kurani, akajiridhisha kwamba mwenye mali ameshakufa, akauza kila kitu.

Tunapoisimulia njia ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Unyanyembe hadi Ziwa Tanganyika, tunakumbuka mabega ya wapagazi wa Kinyamwezi, hongo iliyolipwa Ugogo na vita vya mtemi Mirambo. Mtunza ghala tunamsahau. Usahaulifu huohuo naukuta katika mazungumzo ya leo kuhusu usalama wa kompyuta za biashara. Taasisi inashauriwa iachane na kompyuta zinazobeba data mezani, ihamie kwenye kompyuta pepe zinazoendeshwa kwenye wingu, basi itakuwa imemaliza kazi. Ushauri huo una ukweli mkubwa, na sina nia ya kuubeza. Lakini kompyuta pepe haiondoi hatari. Huitoa begani kwa mpagazi na kuihamishia kwa mtunza ghala na kwenye njia. Kwa biashara iliyoko Tabora, hao wawili ndio wa kupimwa kabla ya kununua chochote.

Kwanza tuelewane inavyofanya kazi. Kompyuta pepe ni kompyuta kamili, yenye programu zake na mafaili yake, ila inaishi ndani ya seva katika kituo cha data. Mfanyakazi anaifikia kwa kifaa chochote chenye skrini na kibodi. Akibonyeza herufi, mbonyezo unasafiri hadi kwenye seva. Seva inafanya kazi na kumrudishia picha ya kilichotokea. Faili lenyewe halisogei. Wazo si geni, kwani kampuni ya Citrix ilikuwa ikiuza mifumo ya aina hii tangu miaka ya 1990, wakati ambapo kila taasisi ilipaswa kuwa na seva zake. Kilichobadilika ni kwamba sasa kompyuta hizo zinakodishwa: Amazon ilifungua huduma yake ya WorkSpaces mwaka 2014, Microsoft ikafuata na Azure Virtual Desktop mwaka 2019, kisha Windows 365 mwaka 2021.

Faida yake inaonekana vizuri ukiitazama ofisi ya chama cha msingi cha ushirika, yaani AMCOS, katika wilaya ya tumbaku kama Urambo au Kaliua. Chukua katibu mwenye kompyuta mpakato moja. Ndani yake kuna daftari la wakulima, namba zao za simu na akaunti zao za benki, mikopo ya mbolea ya kila mmoja, uzito wa kila mtumba wa tumbaku uliopanda mizani, daraja alilotoa mteuzi na bei yake. Kompyuta hiyo inatoka ofisini kwenda ghalani, inarudi nyumbani kwa katibu jioni, na siku ya kufuatilia malipo inapanda bodaboda hadi benki. Ikihitajika karatasi, faili linawekwa kwenye flashi na kupelekwa steshenari ya karibu na stendi, kwenye kompyuta iliyokwisha kuchomekwa flashi za mji mzima. Kinachorudi na flashi hiyo kinaweza kuwa kirusi cha kawaida, au programu inayofunga mafaili yote hadi mwenyewe alipe.

Kwa mfumo wa kompyuta pepe, mwizi wa kompyuta hiyo anaondoka na bati na kioo. Msimamizi anaweza kuzuia faili lisinakiliwe kwenye flashi, akairudisha kompyuta iliyoharibika katika hali ya jana, na akafunga akaunti ya karani aliyeachishwa kazi kabla hajafika getini. Tena kuna faida ambayo wauzaji huitaja kwa sauti ndogo, nami naiona kubwa kuliko zote: kila aliyefungua daftari na kubadili tarakimu huacha alama yake katika kumbukumbu asiyoweza kuifuta mwenyewe. Pale ambapo ugomvi wa mkulima na viongozi wake huwa juu ya kilo zilizobadilika baada ya soko, alama hiyo ina thamani kuliko kinga yoyote dhidi ya virusi.

Hata hivyo dirisha, yaani kifaa cha mezani, nalo lina macho. Programu ya kijasusi iliyojificha kwenye kifaa cha mezani inaweza kunasa nywila na kupiga picha skrini, ingawa faili liko mbali. Mlango wa ghala nao huvunjwa. Mwaka 2023 kasoro iliyoitwa Citrix Bleed, katika vifaa vya Citrix vya kupokelea watumiaji, iliwawezesha wahalifu kuiba vitambulisho vya watu waliokwisha kuingia, wakapita bila nywila wala namba ya uthibitisho ya pili. Kampuni ya kutengeneza ndege ya Boeing ilikuwa miongoni mwa walioathirika.

Hapo tunamfikia mtunza ghala. Agosti 2023 kampuni ya huduma za wingu ya Denmark, CloudNordic, ilivamiwa na programu ya kudai fidia. Seva zilifungwa pamoja na nakala rudufu, na kampuni ikawatangazia wateja kwamba wengi wao wamepoteza kila kitu. Wateja hao hawakuwa wazembe. Walifanya kilekile wanachoshauriwa kufanya, wakaweka mali yao kwa mtaalamu, na mtaalamu akashindwa. Sherif alikosa uaminifu, CloudNordic ilizidiwa nguvu. Kwa mwenye mali hesabu inatoka ileile.

Je, hatuwezi kuufunga mzigo ili hata mtunzaji asiufungue? Machi 1872, walipoagana baada ya kukaa pamoja Kwihara, nje kidogo ya Tabora, Livingstone alimkabidhi mwandishi wa habari Henry Morton Stanley shajara yake ikiwa imefungwa kwa lakiri, aipeleke Uingereza kwa bintiye. Mbebaji alibeba asichokisoma. Usimbaji fiche unatupa uwezo huohuo, ukiwa imara kuliko lakiri yoyote: faili lililosimbwa kwa ufunguo wako linaweza kulala katika seva ya mtu usiyemwamini. Lakini linaweza kulala tu. Kompyuta pepe inapofungua daftari la wakulima ili katibu aandike, seva sharti iwe na daftari lililofunguliwa katika kumbukumbu yake, na anayeitawala seva kwa kiasi fulani analitawala daftari. Zipo mbinu mpya za kusimba hata kumbukumbu inayofanya kazi, na siku zijazo huenda zikawa jambo la kawaida. Kwa sasa biashara ijue kwamba inakabidhi vitu viwili vya asili tofauti: ghala linalofanyiwa kazi, ambalo mtunzaji analiona, na nakala rudufu, ambayo si lazima aione. Kwa hiyo nakala iliyosimbwa ikae kwa mtunzaji mwingine kabisa, na ufunguo ubaki Tabora. Mkataba usioruhusu hivyo usisainiwe.

Kuhusu njia, Tabora ina historia ndefu. Stanley, akiwa safarini kumtafuta Livingstone, alifika Unyanyembe, eneo la Tabora, Juni 23, 1871 akiwa na fedha, bunduki na watu wa kutosha. Akakwama. Waarabu wa Tabora walikuwa wameingia vitani na Mirambo, wakashindwa, na njia ya moja kwa moja ya kwenda Ujiji ikafungwa. Aliondoka Septemba 20, akizunguka kusini kupitia Ugunda. Safari hii tatizo halikuwa ghala. Barabara tu ndiyo iliyokatika.

Njia ya intaneti nayo hukatika. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja, na intaneti ya Tanzania ikadorora vibaya. Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima, na siku zikapita kabla haijarejea. Mwenye faili kwenye kompyuta yake aliendelea kuandika. Mwenye kompyuta pepe nje ya nchi alibaki na kioo cheusi, sawasawa na yule ambaye umeme wa TANESCO umekatika na ruta yake haina betri.

Baadhi ya tahadhari zilizozoeleka hazitoshi. Kununua laini za kampuni mbili kunaonekana kama kuwa na njia mbili, lakini kama kampuni zote mbili zinapitisha mawasiliano yao ya Tabora kwenye waya uleule wa Mkongo wa Taifa, jembe moja linakata zote. Kuchagua seva iliyo ndani ya nchi, kwa mfano katika Kituo cha Taifa cha data kilichopo Kijitonyama, Dar es Salaam, ni hatua bora zaidi, kwa sababu safari ya Tabora hadi Dar haina haja ya kugusa bahari, na kipanya kinaitikia upesi kuliko kinaposubiri jibu kutoka Johannesburg. Lakini hata hapo uulizwe mfumo wa kumtambua mtumiaji uko wapi. Nyumba ikiwa Kijitonyama na kitasa chake kinaendeshwa kutoka Ulaya, siku nyaya za bahari zikikatika utasimama mlangoni kwako ukiwa na nywila sahihi.

Mahali pa seva pana uzito wa kisheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inawabana anayekusanya taarifa na anayezichakata kwa niaba yake, na inaweka masharti ya kuzisafirisha nje ya nchi. Kituo cha Microsoft kilicho Afrika kiko Afrika Kusini, na cha Amazon vivyo hivyo. Chama kinachoweka orodha ya wakulima wake huko kimezisafirisha taarifa zao, hata kama katibu hajawahi kutoka Kaliua.

Nani basi aingie katika mfumo huu? Nadhani ni chama kikuu cha ushirika wa tumbaku kama WETCU, hospitali, chuo, au kampuni yenye makarani wengi na fundi wa kudumu: taasisi inayoweza kubishana na mtoa huduma juu ya ufunguo, nakala na muda wa kurejesha kazi. Vyama vya msingi vikitaka kunufaika, vipitie chama kikuu na kusaini mkataba mmoja, maana katibu mmoja mmoja hawezi kumhoji mtoa huduma wa kimataifa.

Na hata humo, soko lisitegemee wingu. Siku ya soko mzani unapima, mteuzi anataja daraja, mkulima anasubiri stakabadhi yake. Kazi hiyo ikamilike kwenye kifaa kilichopo ghalani, kilichosimbwa, chenye betri, na data ipande kwenye kompyuta pepe njia itakapofunguka. Mkulima aondoke na karatasi yenye uzito na daraja, ili tarakimu za kwenye wingu na za kwenye karatasi ziweze kulinganishwa. AMCOS yenye kompyuta moja na katibu mmoja haihitaji kukodi kompyuta pepe hata kidogo. Isimbe diski ya kompyuta iliyonayo, ikome kupeleka flashi steshenari, inunue printa, na kila Ijumaa ipeleke nakala iliyosimbwa kwa chama kikuu.