Bibi Salme mbele ya kamera

Hapa Muhima, kwenye studio ya picha za pasipoti, unakaa kwenye kiti, unaambiwa usicheke, na dakika tano baadaye wewe ni sura ya kwenye faili.

Ulaya ya karne ya 19, tajiri alimwita mchoraji wa rangi za mafuta, akakaa mbele yake siku nyingi katika nguo alizotaka akumbukwe nazo. Kamera ilipoingia, studio ziliiga mambo yale yale: pazia, meza ya kuchongwa, vazi la heshima.

Katika mji wa Hamburg, mwishoni mwa miaka ya 1860, alipigwa picha ya namna hiyo mkimbizi mmoja aliyejua Kiswahili kama sisi. Ni Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, Sultani wa Zanzibar, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844. Mwaka 1866, akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, alitoroka usiku kwa meli ya kivita ya Waingereza hadi Aden. Huko, mwaka 1867, alibatizwa jina la Emily, akaolewa. Mwaka 1870 mumewe akafa kwa ajali ya tramu, akabaki na watoto watatu ugenini.

Kwenye picha amevaa nguo za Zanzibar na vito vyake. Ukimtazama utasema ametoka ikulu sasa hivi. Kumbe mitaani Hamburg alivaa gauni la Kizungu kama wenzake.

Yale ambayo picha haikusema aliyaandika mwenyewe, katika kitabu chake cha mwaka 1886. Na kuandika alijifundisha kwa siri, akiwa binti mdogo, kwa kunakili herufi za Kurani kwenye mfupa wa bega la ngamia.

Alifariki Jena mwaka 1924. Katika vitu vyake ulikutwa mfuko wa mchanga wa pwani ya Unguja, akazikwa nao Hamburg. Mchanga huo hauonekani kwenye picha ile.

Basi ninyi ndugu zetu wa mashirika, mkija kambini na kamera, mwulizeni mama kwanza: angependa kuvaa nini? Jina lake liandikwe vipi? Na sisi wenyewe, jamani, tusingoje kupigwa picha tu. Daftari lipo, kalamu ipo. Tuandike.