Somo la Historia: Behewa la Kuchezea Linapogeuzwa Kuwa Mfano wa Kweli

Fungueni madaftari yenu, na mwenye rula aiweke karibu. Leo tutajifunza historia kwa kutazama kitu kidogo sana: behewa la mizigo la treni ya watoto. Mtu ajuaye kupima na kugawanya anaweza kulifanya behewa hilo lituambie habari za watu waliofanya kazi relini.

Kwanza tutenganishe vitu viwili. Kitu cha kuchezea hutengenezwa ili kimfurahishe mtoto, tena kisivunjike upesi. Mfano wa kweli hutengenezwa kwa kipimo: kila sehemu ya kitu kikubwa hupunguzwa kwa kiasi kile kile. Ukigawanya urefu kwa 64, gawanya kwa 64 upana pia, na kimo, na gurudumu, hata ngazi.

Sasa twende Marekani. Mwaka 1938 Bwana A. C. Gilbert, mwenye kiwanda cha vitu vya kuchezea katika mji wa New Haven, alichukua American Flyer, kampuni ya treni za watoto iliyokuwa Chicago. Siku hizo treni nyingi za watoto za umeme huko Marekani zilipita juu ya reli tatu, na ile ya katikati ilileta umeme. Je, wewe stesheni umeona reli ngapi chini ya treni? Mbili tu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mwaka 1946, Gilbert alianza kuuza treni za reli mbili, kwa kipimo cha 1 kwa 64. Hiyo ilikuwa hatua ya kuukaribia ukweli. Kampuni yake ilikwisha mwaka 1967, lakini mabehewa yake ya zamani yangalipo, na wako watu wazima wanaoyanunua ili wayageuze.

Tufanye hesabu. Behewa la Marekani lenye urefu wa futi 40 lina inchi 480. Gawanya kwa 64. Umepata inchi 7 na nusu. Nafasi kati ya reli mbili za Marekani ni milimita 1,435; gawanya kwa 64, utapata milimita 22.4. Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, ina nafasi hiyo hiyo. Reli ya zamani, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ina nafasi ya meta moja tu. Mfano wake ungekuwa na milimita 15.6.

Basi behewa la Gilbert lilipungukiwa na nini? Tazama gurudumu. Gurudumu la treni lina ukingo upande wa ndani, unaolizuia lisitoke relini. Katika behewa la mtoto ukingo huo ni mkubwa kupita kiasi, ili behewa lisianguke penye kona kali. Viungio vya kushikanisha mabehewa navyo ni vikubwa, tena vimefungwa kwenye kiunzi cha magurudumu, wala si kwenye behewa lenyewe. Vishikio vya kupandia ni vinundu tu vya plastiki ukutani. Fundi hakukosea, alimtengenezea mtoto.

Anayetaka mfano wa kweli huanza kwa rula, si kwa kisu. Akishapima, huondoa magurudumu na kutia mengine yenye ukingo mdogo. Kama behewa limekaa juu mno, hulishusha. Hufunga viungio vidogo chini ya sakafu ya behewa. Hukwangua vile vinundu polepole, hutoboa matundu membamba, na kutia vishikio vya waya. Mwisho hupaka rangi isiyong'aa, kwa sababu behewa la kazi hupigwa na jua, mvua na vumbi.

Pengine utauliza, kwa nini ahangaike kwa kipande cha waya? Hapa ndipo historia inapoingia. Zamani mabehewa ya Marekani yaliunganishwa kwa pete ya chuma na pini. Mfanyakazi alisimama katikati ya mabehewa mawili, akaielekeza pete kwa mkono wake huku behewa moja likija. Wengi walikatika vidole, na wengine walibanwa wakafa. Mwaka 1873 Eli Janney alipata hataza ya kiungio kinachojifunga chenyewe, mfano wa mikono miwili iliyokunja vidole na kushikana. Hata hivyo ilipita miaka 20 kabla Bunge la Marekani halijatoa sheria, mwaka 1893, kuzilazimisha kampuni za reli kutumia viungio vinavyojifunga vyenyewe na kuweka vishikio imara. Kwa hiyo kile kipande cha waya kinasimama mahali pa chuma kilichookoa mikono ya watu.

Lakini usikimbilie tupa. Behewa la kuchezea nalo ni shahidi: linaonyesha watoto wa baada ya vita waliuziwa nini. Ukishalikwangua, halirudi lilivyokuwa. Lililo zima liache. Chagua lililokwisha kuharibika, lililopotewa na magurudumu au kubanduka rangi. Kila unachokiondoa kiweke katika kopo, pamoja na karatasi uliyoandika tarehe na kazi uliyoifanya. Atakayelipata baadaye atasoma, naye hatadanganyika.

Maswali ya darasa:

1. Mlango wa behewa una upana wa futi 8. Katika mfano wa 1 kwa 64 utakuwa inchi ngapi?

2. Kwa nini sheria ya mwaka 1893 ilihitajiwa, ingawa kiungio cha Janney kilikuwapo tayari?

3. Mtafute mzee aliyefanya kazi relini. Mwulize jinsi mabehewa yalivyounganishwa wakati wake, kisha andika majibu yake kwa mistari mitano.

Kwaherini, ndugu zangu.