Mirembe, Ustawi, Angaza: milango tuliyoiogopa

Ukitaka kumtania mtu Singida, na hata mikoa mingine, unamwambia "wewe wa Mirembe". Ukitaka kumtisha mwanaume anayekwepa kutunza mtoto wake, unamwambia "nitakupeleka ustawi". Leo tuyaangalie maneno haya, kwa sababu yanaeleza kwa nini vijana wengi wakizidiwa na mawazo wanaona afadhali wafunguke kwenye simu kuliko kubisha hodi ofisini.

Tuanze na Mirembe. Waingereza waliijenga Dodoma miaka ya 1920. Kabla yao Wajerumani walikuwa na Lutindi, kule Usambara. Kwa mtu wa Singida, Mirembe ni jirani, kilomita 240 hivi kwa barabara. Cha ajabu, kwa Kiganda "mirembe" ni amani. Sisi tumeligeuza tusi, na si bure. Hospitali za akili za mkoloni zilikuwa za kufungia zaidi kuliko kusikiliza. Aliyefiwa, aliyeachwa au anayekosa usingizi kwa madeni hakuwa na nafasi pale. Huyo aliachiwa bibi, shangazi, mganga, padri au shehe.

Baada ya Uhuru serikali ilijaribu. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliweka mabaraza ya usuluhishi, ambako wanandoa hupita kabla ya kudai talaka mahakamani. Mwaka 1973 Bunge likapitisha sheria ya kuanzisha chuo ambacho leo ni Taasisi ya Ustawi wa Jamii, pale Kijitonyama. Afisa ustawi amesomea kazi ya kusikiliza: kumwacha mtu aseme, kutomhukumu, kumsaidia aone njia zake mwenyewe, kutunza siri. Lakini akifika halmashauri anakuta foleni ya matunzo ya watoto na ugomvi wa ndoa. Ofisi ikajulikana kwa kesi, na mwenye huzuni tu akaona hapamhusu.

Kisha ukaja UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983. Mwaka 1989 Theresa Kaijage, mtaalamu wa ustawi wa jamii, alianzisha WAMATA, na maneno "ushauri nasaha" yakaanza kuzoeleka. Vituo vya Angaza vikafuata 2001. Tarehe 14 Julai 2007 Rais Kikwete akapima hadharani ili kuwatoa watu woga. Nadhani hapa ndipo vijana wengi walipokaa kwa mara ya kwanza chumba kimoja na mtu wasiyemjua, aliyesomea kuwasikiliza. Ila mtaani, ukionekana tu unaingia Angaza, hukumu imeshatoka.

Mnaona mtiririko? Msaada ulikuwepo, lakini kila mlango ulikuwa na kibao, na kibao kilisema habari zako kabla hujafungua mdomo.

Simu imeondoa kibao. M-Pesa ilianza 2008, mkongo wa SEACOM ukafika Dar 2009, na korona ya 2020 ikawasukuma washauri wengi duniani kwenye video na simu. Leo mwalimu kijana aliyepangiwa Mkalama, ambako kila mtu anamjua mwalimu, anaweza kuweka miadi na mshauri aliye Dar au Nairobi, wakaongea kwa sauti tu kama mtandao unasumbua, akalipa kwa simu. Hakuna wa kumuuliza alikuwa anatafuta nini kule.

Lakini mlango usio na kibao unaweza kufunguliwa na yeyote. Kenya ina sheria ya washauri na wanasaikolojia tangu 2014, na Marekani maafisa ustawi hupewa leseni na majimbo. Kwa hiyo kabla hujamwaga ya moyoni, uliza: umesomea wapi, nani amekusajili, siri zangu zinakaa wapi, nikizidiwa usiku nifanye nini? Mtaalamu wa kweli hakasiriki. Na kama mtu amefikia kutaka kujidhuru, asisubiri miadi ya simu, apelekwe hospitali. Kwa watoto kuna namba 116, ya bure.

Simu imetupa faragha, na tunaihitaji. Lakini yule asiye na bando bado anamtegemea afisa ustawi wa halmashauri yake. Je, tutaendelea kumfanya wa kutishiana naye mpaka lini?